Mfereji Pembeni mwa Ukuta

Ngumi ya kwanza ilinipata mdomoni nikiwa bado naeleza. Nilikuwa nimefika kwenye neno "tabianchi", na hadi leo naamini hotuba ilikuwa inaelekea pazuri.

Tulisimama juu ya ukuta wa udongo wa bwawa la samaki, nje kidogo ya Kasongo. Ulijengwa zamani za Wabelgiji, kisha ukaachwa uzeeke wenyewe. Mvua za miaka hii hazinyeshi, zinapiga. Maji yalikuwa yamebakiza kiganja tu kufika juu, na chini ya ukuta ndipo ilipo nyumba ya dada yangu mkubwa, ya matofali mabichi. Asubuhi hiyo watu wa mtaa walikuja na majembe kwa salongo, kazi yetu ya pamoja, kuchimba mfereji pembeni ili bwawa lipunguzwe kabla halijaupasua ukuta. Lakini juu ya ukuta huo ndiko zinakopita pikipiki za Kabambare, na wenye pikipiki hawakutaka kusikia habari ya mfereji wa kuikata njia yao.

"Profesa, enda kachimbe kwa baba yako!" alisema yule motari, dereva wa pikipiki aliyenipiga. "Sisi tutapitia wapi? Juu ya kichwa yako?"

Nilimrudishia. Ngumi yangu ilimkosa, ikampata jirani aliyekuwa upande wetu. Hapo majembe yakawa silaha. Mmoja alichanwa sikio, mwingine akaburutwa matopeni. Motari akailaza pikipiki yake ndani ya mfereji tuliokuwa karibu kuumaliza, akaikalia. Kati ya mfereji na bwawa ulibaki ukingo mwembamba wa udongo.

Ndipo mvua ikashuka. Maji yakaanza kumwagika juu ya ukuta, yakielekea nyumba ya dada.

Dada akapanda, kitenge kimekazwa kiunoni, jembe mkononi.

"Toka hapo, mutoto ya watu."

"Mama, sitoki. Hii moto, hii pikipiki, ndiyo inalisha watoto yangu."

"Na mule mu nyumba munalala watoto yangu. Basi kaa."

Akakata ukingo. Maji yalinguruma, yakamwangusha yule kijana motari na kuizoa pikipiki yake. Aliibuka akitapika matope, akamkaba dada koo. Tulimbandua kwa shida. Mchango wangu ulikuwa kumng'ata mkono, kwa meno yaliyobaki.

Ukuta ulishika. Maji yaliishia kizingitini kwa dada.

"Ingia ndani, unanyeshewa," dada alimwambia yule kijana, sauti ikikwaruza, alama za vidole bado shingoni.

Kijana akamtemea mate miguuni, akashuka bondeni kuyafuata maji.