Bomba Lililopita Kwanza kwa Jirani

Nyumba yetu ya kwanza Mbinga ilikuwa kuukuu, na bomba lake halikuwa letu peke yetu. Lilipita kwanza uani kwa mama jirani, mjane wa Kimatengo mwenye shamba la kahawa, ndipo likapenya chini ya ua wa michongoma kuja kwetu. Akifungua yeye, kwangu bomba linakohoa, linatema kutu, linanyamaza. Mume wangu, karani wa serikali aliyehamishwa kutoka Tanga, alisema tuvumilie. Mimi uvumilivu sikujaliwa.

Siku ya akika ya mwanangu wa kwanza bomba lilinyamaza tangu alfajiri. Mbuzi ameshachinjwa, mchele haujaoshwa, na wageni wanakuja adhuhuri. Nikajifunga kibwebwe, nikapenya kwenye ua na maneno yangu yamejaa mdomoni.

Nikamkuta peke yake ndani ya birika la saruji, anakanyaga kahawa. Alikuwa ameimenya na kuivundika, na ute wake ulishalegea. Isipooshwa na kuanikwa siku ileile ingeharibika, na mnunuzi angeikataa. Kahawa hiyo ndiyo iliyokuwa ikimsomesha mwanawe kule misheni Kigonsera. Ndugu waliozoea kumsaidia walikuwa wameteremka Lundo, ziwani, msibani, na kijana mwenyewe, aliyekuwa likizo, amefuatana nao.

"Shikamoo, mama," nikasema, maana hata ugomvi una adabu zake.

"Marahaba, mwanangu. Leo nimekukausha, najua. Lakini nikifunga maji haya, mtoto wangu harudi shule."

Hasira ikaniishia palepale, nami nikaudhika kwa kuishiwa. Basi, nikaona, kama maji hayaji kwa mchele, mchele utayafuata. Nikahamisha sufuria, kuni na mafiga, nikapika pilau uani kwake, pembeni mwa birika.

Wageni, watu wa pwani watumishi wenzake mume wangu, walifika kwetu wakakuta nyumba tupu, wakafuata harufu. Sasa, Wamatengo wana ngokela yao: mwenye kazi kubwa hupika, na anayekuja kula amekuja kufanya kazi. Mama jirani alipoona sufuria zinatokota uani kwake na wanaume wazima wanaingia, hakungoja kuelezwa. Aliwakaribisha kwa furaha na kuwagawia kazi.

Hakimu alipewa mti wa kukorogea. Mwalimu mkuu akapewa karai. Bwana posta, kanzu yake imenyooshwa kwa pasi, akaonyeshwa birika. Hakuna aliyekataa. Siku zile za ujamaa, mtumishi akipewa jembe mbele za watu hakuuliza limetoka wapi. Kila mmoja alidhani mwenzake ana habari za agizo fulani. Wakavua viatu, wakapandisha kanzu na suruali magotini, wakaingia.

Mume wangu akanitazama, anataka maelezo. Nikainamia sufuria, mabega yananitikisika kwa kicheko. Ningeweza kuwaambia. Sikuwaambia, wala sijuti mpaka leo.

Baada ya muda walikuwa wakiimba. Hakimu, ambaye mahakamani hacheki hata kwa dawa, alimrushia mwalimu maji. Kahawa ikatandazwa vichanjani jua likiwa bado kali, ndipo tukaketi mkekani, mtoto akasomewa dua na watu wenye miguu inayonuka maganda. Pilau haikubaki. Mama jirani alikula na Waislamu wangu akiwasifia kwamba watu wa pwani, kumbe, wanaijua ngokela vizuri.

Mnunuzi aliipokea kahawa yote.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, mama jirani alimzungusha mwanawe nyumba kwa nyumba kuwaaga walioikanyaga: kwa hakimu, kwa bwana posta, kwa mwalimu. Kwetu walikuja mwisho. Kijana akatuamkia, akageuka aende. Mama yake akamshika bega, akamrudisha mbele ya mwanangu niliyekuwa nimempakata.

"Na huyu mshukuru. Tulikula akika yake, wewe ukapata shule."

Kijana mzima, ndevu zimeanza kumchomoza, akapiga goti mbele ya mtoto anayenyonya, akasema, "Asante sana." Hakucheka. Mimi nisiyelia ovyo nililia kwa furaha, na mama jirani akalia nami.