Chapati za Siku ya Mechi

Juzi kwenye duka la Waafrika hapa Stafford, ughaibuni, nesi mmoja alikuwa akinunua unga wa chapati huku akiongea na mwanawe kwa spika ya simu. Jumamosi kuna mechi kubwa chuoni kwa kijana, na mama amebadilisha shifti aende.

"Mum, please, usibebe chakula. Marafiki zangu watanicheka."

"Sawa," mama akasema, akaanza kurudisha unga kwenye rafu.

"Wewe mama, acha huo unga," nikamwambia, nikiwa nimesimama kando yake. "Siku ya wazazi, binti yangu alinificha nyuma ya jiko la shule, wenzake wasione leso kuukuu niliyojifunga. Akala chapati zote kumi na mbili nilizombebea, kisha akaniuliza nitarudi lini."