Kiasi Kilichomfaa Dada Yangu

Dada yangu mkubwa anakaa Kanduyi, pembeni mwa mji wa Bungoma, nami nimeolewa Kitale. Magoti yalipoanza kumsumbua hata palizi ikawa shida, daktari alimwambia presha imepanda na kilo zimezidi, apunguze. Alinipigia simu jioni ileile. Nilimshauri kama nilivyosikia kwa wenzangu: aache ugali kabisa, asubuhi anywe maji ya ndimu, usiku supu ya mboga basi. Nilipokwenda kumtembelea nilimkuta ameketi jikoni, kichwa kinamgonga, na kila aliyepita anafokewa.

"Hii dawa yako itaniua kabla ya presha," aliniambia. Kisha akaniomba nimsindikize kwa mtaalamu wa lishe hospitalini.

Mtaalamu alikuwa mwanamke kijana, mpole. Alimwomba dada aeleze anachokula kutwa nzima. Dada alisema yeye hali sana. Lakini alipoanza kutaja chai ya maziwa yenye sukari asubuhi, nyingine saa nne, nyingine jioni, mandazi ya kusindikizia, na mafuta anayomimina kwenye sukuma wiki bila kuangalia, alijikuta amejijibu mwenyewe.

"Ugali si adui yako, mama," yule mtaalamu alisema. "Mwili unachoma nguvu kila siku, hata ukiwa umelala. Nguvu hiyo ndiyo tunapima kwa kalori. Ukila kidogo chini ya unachochoma, mwili utachota akiba yake polepole. Ukijinyima sana, utaishiwa nguvu, na misuli itaondoka pamoja na mafuta."

Akampigia hesabu ya kiwango cha siku kulingana na umri wake, kimo, uzito na kazi zake za shamba. Kisha akamweleza kuwa kalori peke yake hazitoshi. Kila mlo uwe na protini, iwe maharagwe, mayai au dagaa wa omena. Mboga zichukue nusu ya sahani. Ugali uwe mkubwa kama ngumi yake.

Dada aliikunja ngumi yake akaitazama. "Afadhali Mungu alinipa mikono mikubwa," alisema.

Nyumbani, shemeji hakufurahi. Ni mtu aliyestaafu kazi ya serikali, na heshima yake ni kitu anachokilinda. "Watu watasema simlishi mke wangu," alilalamika.

"Waache waseme," dada akamjibu, akampakulia sahani yake kama kawaida, kisha akapakua yake.

Na kweli walisema. Nguo zilipoanza kumlegea, akina mama wa kanisa walifika kumwombea, wakidhani ni ugonjwa anaouficha. Dada aliwaacha waombe mpaka amina. Halafu akawaambia hana ugonjwa, ila hawezi kukataa maombi, maana presha bado ipo. Akawapikia chai.

Siku niliyomvulia kofia ni ile tuliyokwenda Kimilili kwa wakwe wapya, binti yake alipokuwa ameshaposwa. Kwetu mgeni huchinjiwa kuku, na kubakiza chakula ni kumtukana mpishi. Mama wa bwana harusi alimwekea dada ugali kama kichuguu. Dada akaukata, akachukua kipande chake, uliobaki akausogeza kwa shemeji. Akala kuku na mboga ya mrenda taratibu, bila haraka.

"Mkwe, mbona unakula kama ndege? Kuku wangu ni mbaya?" mama yule aliuliza, na wote tukageuka.

"Kuku wako ndiye amenifanya niache ugali, mkwe wangu," dada alisema. "Niliogopa ugali utamnyima nafasi."

Mama yule akacheka, akamwongezea kipaja. Dada akakila chote. Kesho yake, aliniambia, alipunguza mafuta na kutembea hadi sokoni, wala hakujilaumu.

Baada ya miezi mingi kilo zikagoma kushuka. Tulirudi kwa mtaalamu, naye akaeleza kwamba mwili uliopungua huchoma kidogo kuliko ule wa zamani. Kama anataka kuendelea kupungua, kiwango nacho kishuke.

"Kwa hivyo nikifanya vizuri ninakatwa chakula?" dada aliuliza.

Mtaalamu alitabasamu, akampima presha. Ilikuwa imetulia. Akamwuliza habari za magoti, dada akasema siku hizi anapalilia hadi mwisho wa shamba. Basi akamwambia anaweza pia kubaki hapo alipofika. Si lazima ashuke zaidi.

"Nitabaki hapa," dada alisema. "Ninataka kiasi ambacho bado nitaweza kukila nikiwa nyanya."

Nikavutiwa zaidi na utulivu wake kuliko kilo alizopunguza. Tulipotoka nje nilimwomba anigawie kiwango chake nami nikakifuate Kitale.

"Hicho ni cha mwili wangu," alisema. "Rudi ndani ukapimiwe chako. Nitakungoja."

Nikarudi ndani.