Kaseti ya Mtu Aliyejipaka Chokaa

Hadi leo nikishika betri iliyopashwa na jua, narudi sebuleni kwetu Kapsoya. Siku hizo mawe ya redio yakichoka tuliyaanika juu ya bati asubuhi, na jioni yakapata nguvu ya nyimbo tatu nne. Yalinuka kutu. Nilipenda kuyaweka mashavuni, maana baridi ya Eldoret haina mzaha.

Ilikuwa miaka ya chama kimoja, na watu wazima walinong'ona hata ndani ya nyumba zao. Mama alitufundisha kuongea chini chini, hata tukiomba chumvi, kwa sababu mtoto akizoea kupaza sauti atapayuka siku moja mbele ya mtu asiyefaa. Baba aliendesha mitambo ya kufuma katika kiwanda cha nguo, na alikuwa mtu wa kimya. Ukimwambia jambo, alikutazama tu, akaendelea kula. Nilimwogopa. Niliamini hanipendi, wala sikumwambia mtu.

Kaka yangu Okoth alisoma chuo kikuu kule Kesses. Likizo moja akaja na kaseti ya mwanamuziki wa ng'ambo. Kwenye karatasi yake kulikuwa na picha ya mwanamume aliyejipaka chokaa usoni kama maiti, minyororo shingoni, masizi kuzunguka macho. Okoth alitukalisha chini, mimi na Wanjiru wa jirani, akatufundisha kumsikiliza. Tusiyakimbilie maneno, alisema. Kwanza tuitafute ngoma na kuishika, halafu chuma kinachogongwa nyuma yake. Sauti ya mtu ije mwisho. Huyu bwana, alisema, anajifanya shetani makusudi, ili wakubwa wakasirike na waonekane walivyo. Wanjiru alivumilia kidogo, kisha ghafla akakumbuka maharagwe yake jikoni. Mimi nilibaki. Kelele zile ziliniogopesha, na nilizipenda.

Mama akaiona picha. Kanisani kwao kitu cha shetani hakikutupwa, maana mtu angekiokota. Kiliombewa, kisha kikachomwa katika nyumba kilimoingia, wenye nyumba wote wakiwapo. Kwa hiyo Jumamosi alasiri akina mama wa ushirika walijaa sebuleni, jiko likiwaka mlangoni, wakimngoja Baba atoke kazini. Mama alimnong'oneza Okoth kwamba asipoitia kaseti motoni kwa mkono wake mwenyewe, asilale tena nyumba hiyo. Nilijua hataichoma. Nikaanza kulia.

Okoth aliomba jambo moja tu: nyumba ni ya Baba, basi Baba aisikie kwanza. Baba alipoingia, akinuka mafuta ya mashine, Okoth alitia mawe kwenye redio na kufungulia sauti yote. Akina mama wakapandisha maombi. Baba alisimama, akavua kofia, akakaa karibu na redio na kuweka kiganja juu yake. Chuma kiligonga, kikagonga tena. Mguu wake ukaanza kufuata. Sikuwa nimewahi kuuona mguu wa Baba ukicheza. Kanisani alisimama tu wima mpaka nyimbo ziishe.

Mawe yakachoka, sauti ikavutika na kuzama. Baba akamgeukia Mama.

"Mama Okoth, hii naisikia," alisema.

Akarudia kwa nguvu, kama mtu aliye katikati ya mitambo.

"Hii naisikia. Nyinyi siku hizi siwasikii."

Akina mama wa ushirika waliondoka mmoja mmoja, bila kuaga vizuri. Jiko lile tulichomea mahindi.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa sawasawa. Mitambo ilikuwa imeyala masikio yake kidogo kidogo, naye akaficha asije akafukuzwa kazi. Sisi nasi, kwa kuiogopa serikali, tulikuwa tumeshusha sauti mwaka baada ya mwaka, hadi tukamwacha peke yake mezani. Hata Okoth hakujua. Alikuwa akitetea muziki wake tu. Inaniuma bado.

Jioni ile Mama alimpakulia ugali, akamwinamia sikioni na kumuuliza habari za kazi kwa sauti iliyofika barabarani. Baba alijibu mpaka chakula kikapoa. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza shule inaendeleaje, nami nikapayuka.