Mbegu Tisa za Likizo

Mwenzangu wa meza ya pili, katika ofisi yetu ya safari hapa Amman, hagusi kompyuta kwanza. Humuuliza mteja ana siku ngapi, kisha huchota mbegu za maboga mfukoni na kuzipanga mezani, kila siku mbegu yake. Ukitaja mji mwingine, anatafuna moja. "Siku hiyo imeishia njiani," husema, ganda likiwa bado mdomoni. Halafu huuliza, "Mna ndugu huko?" Mkiwa nao anatafuna mbili, maana hakuna ndugu atakayewaachia kwa chai tu.

Jana mteja mmoja, Abu Layth, alikuja na mama yake, wakitaka siku tisa na miji saba ya Uturuki. Mbegu zikabaki tatu.

"Mna ndugu?"

"Mama mdogo yuko Bursa. Lakini tutapita kimyakimya, asijue."

"Nimeshamwambia," mama akasema. "Ameshaanza kutukunjia wali kwenye majani ya mzabibu."

"Yaa mama! Safari ni mwezi ujao!"

Mwenzangu alikuwa ameshainua mbegu mbili. "Hajati, mmeonana lini mara ya mwisho?"

"Miaka kumi na moja."

Akazirudisha bila kuzitafuna, akazisukuma zote tatu mbele ya mama. "Hizi za Bursa. Istanbul huyu mwanao ataiona dirishani, ndege ikitua."