Bibi Alikuwa Mwembamba

Mama alikuwa na haja moja tu na runinga mpya ya kaka: amwone mama yake akitembea. Bibi alifariki hajapigwa hata picha moja ya kutundika ukutani. Alibaki ndani ya mkanda wa video wa harusi ya kaka, uliorekodiwa kijijini Mlali, nami niliutunza miaka yote kabatini, ndani ya mfuko wa plastiki, usipate ukungu.

Mafundi wawili mjini waliniambia niutupe. Niliwajibu vibaya, nakiri. Nikaazima deki ya kuchezea mikanda kwa jirani yetu hapa Kilakala, nikaisafisha kwa spiriti, na Jumapili mchana nikapiga magoti nyuma ya runinga. Waya wa njano wa deki, ule wa picha, haukuwa na tundu la njano kwenye runinga. Nikauchomeka kwenye la kijani kwa ubishi tu, na picha ikaja. Nilicheka peke yangu kule nyuma kama mwehu.

Kaka alijiona ndani ya suti, kifua kipana, akafurahi mno. Kisha akapita bibi na ungo wa mchele, na mama akageuza uso.

"Huyo si mama yangu," alisema. "Mama alikuwa mwembamba."

Nikaangalia vizuri. Kila kitu kilikuwa kimepanuka, hata mbuzi. Picha ya mikanda ya zamani inakaribia mraba, na runinga ilikuwa imeivuta ili ijaze kioo. Nikachukua rimoti niirudishe picha kwenye umbo lake. Kaka akagoma: hakununua kioo kikubwa kile ili aangalie weusi pembeni mwa picha. Nikamuuliza mbona video za simu za wanawe, zinazorekodiwa wima, zinaacha weusi mkubwa zaidi na yeye anazitazama kutwa nzima. Ukweli ni kwamba kile kifua kilimpendeza.

Nikatafuta sehemu ya ukubwa wa picha, nikabonyeza, nikarudisha mkanda nyuma. Kaka akanywea ndani ya suti iliyompwaya. Bibi akatokea tena, mabega membamba, shingo ndefu, akitembea kwa haraka zake huku akimfokea mtu asiyeonekana.

Mama alisimama. Nyumbani kwetu hakuna anayemzidi umri. Yeye huamkiwa tu. Alijifunga khanga vizuri, akasogea hadi mbele ya kioo.

"Shikamoo, mama," akasema.

Nikarudisha mkanda nyuma, akamwamkia tena. Mtu mzima mimi, nililia kwa furaha, na rimoti sikumpa mtu.