Mara Saba, Moja kwa Udongo

Sikuomba nguruwe. Mimi nilisomea ng'ombe, mbuzi na ngamia, na karibu miaka yote ya sabini niliimaliza nikichanja ng'ombe dhidi ya ugonjwa wa sotoka hadi Sericho. Kisha, mwanzoni mwa themanini, homa ya nguruwe ikaingia Burat, kando ya mji wa Isiolo, na mkubwa wetu wa ofisi ya mifugo akagawa mazizi: nusu kwa mwenzangu aliyetoka Meru, nusu kwangu, Mborana, Mwislamu. Nilinuna wiki nzima. Mama yangu aliniuliza kama serikali imeishiwa na wanyama.

Katika mazizi yangu kulikuwa na la mjane mmoja wa Kimeru. Alikuwa na nguruwe jike mmoja tu, mwenye mimba yake ya kwanza na hasira kunishinda mimi. Mjane huyo hakunizungusha. Mumewe alipokufa, shemeji zake walimtaka arudi Meru aishi chini yao. Akakataa, akabaki na kashamba kake.

"Daktari, huyu akienda, na mimi naenda," alisema. "Sina kingine cha kunishikilia hapa."

Nilikuwa msaidizi tu, lakini Isiolo ukishika thamometa wewe ni daktari. Sikumsahihisha.

Kwa sotoka nilizoea kufika na sindano, nadunga, naondoka na heshima zangu. Kwa homa hii hakukuwa na chanjo wala dawa. Ng'ambo ya mfereji, nguruwe wa jirani yake walikuwa wakianguka mmoja mmoja, masikio yamegeuka zambarau. Nami kila asubuhi nilianza kwa hao wagonjwa, nikatoa damu, kisha nikavuka kwenda kwa mjane. Ndivyo ofisi ilivyopanga, na hakuna aliyeona ubaya.

Ila mimi singeweza kuvuka hivyo hivyo. Kwetu, ukishika nguruwe na kuna umajimaji, unaosha mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yenye udongo. Basi nilikaa mferejini nikaosha mikono, gambuti, ndoo na kamba, mara saba, kisha nikaongeza sabuni kwa sababu harufu ilinikera. Nguo nazo nilibadilisha. Mwenzangu alinicheka mpaka akachoka.

"Bwana, unaenda kazini ama msikitini?"

"Kote kuwili," nilimjibu. "Msikitini ni saa saba."

Yeye alipangusa gambuti kwenye nyasi, akaenda zizi lingine.

Wiki ya tatu tukaletewa daktari wa maabara kutoka Nairobi, mama mmoja mkali, mvuta sigara. Alikuwa amepima damu ya ngiri aliyepigwa risasi karibu na mto, akakuta kirusi kile kile cha homa yetu, na ngiri mwenyewe alikuwa amenona. Nikamuuliza inawezekanaje.

Alisema kila mnyama huzaliwa na askari katika damu yake. Hawangoji kufundishwa. Wakiona kigeni, wanakimeza.

"Sasa hiki hakiwakimbii," alisema. "Kinataka kumezwa. Kikishaingia ndani ya askari, kinamziba mdomo asiite wenzake vizuri, na kinazaana humo humo. Mwili wa nguruwe ukija kushtuka, umechelewa, na unapiga kelele zote kwa pamoja. Joto linapanda, mishipa inavuja. Huyo ngiri anacho, na mwili wake hauhangaiki."

"Kwa nini?"

"Hatujui bado."

Nilimpenda kwa jibu hilo.

Kisha akachukua madaftari yetu. Kila zizi alilopita mwenzangu lilikuwa na mgonjwa. Kwangu lilikuwa ni la jirani peke yake, lililougua kabla hatujaanza. Akaniuliza ninafanya nini tofauti. Nilimweleza kwa aibu, nikidhani atacheka. Akaizima sigara.

"Wewe unakimaliza mlangoni, kabla askari hawajakutana nacho," alisema. "Kuanzia kesho wote mtaosha hivyo."

Asubuhi mwenzangu alikuja mferejini na ndoo yake. "Kumbe ni mimi nilikuwa nawabebea," alisema, na macho yalikuwa mekundu. Nilimhurumia kweli. Nilimwambia hakujua, wala mimi sikujua, nikamwonyesha udongo ni kiasi gani.

Siku chache baadaye nilimkuta mjane amekaa kando ya zizi, vyombo vyake vimefungwa kwenye gunia. Nguruwe alikuwa amekataa chakula tangu alfajiri, anahema, halali wala hasimami. Niliingiza thamometa. Joto halikuwa la homa. Nikapima tena, na hapo ndipo, mimi mtaalamu wa ngamia, nilipoona mguu mdogo wa waridi ukichungulia nyuma. Niliinama nikamvuta huyo mtoto kwa mikono mitupu, bila kufikiri mara mbili, na wenzake wakafuata wenyewe.

Mjane alicheka huku analia. Kisha akaniomba nimwandikie barua kwa shemeji zake, maana yeye hakujua kuandika. Nikatoa kalamu nikangoja. Alianza na salamu, akauliza hali ya watoto wa kila nyumba, akauliza mvua. Halafu akageuka akawatazama watoto wa nguruwe wakigombania maziwa.

"Andika: sirudi," alisema. "Basi. Weka jina langu."